Bao moja tu, mnataka kumfuta Nycke Groot

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp, la sisi tuliocheza mpira wa mikono sekondari kwa mpira uliofumuka mshono, kijana mmoja kaandika: "Groot wenu hana hata dhahabu ya dunia. Kaondoka tu, wenzake wakaibeba." Anamsema Nycke Groot, aliyekuwa mchezeshaji wa timu ya mpira wa mikono ya wanawake wa Uholanzi. Akamalizia na vikatuni vitatu vya kucheka. Chai yangu ilipoa palepale.

Haya, tuhesabu. Mwaka 2016, nusu fainali ya Olimpiki ya Rio: Ufaransa 24, Uholanzi 23. Desemba hiyohiyo, fainali ya Ulaya: Norwei 30, Uholanzi 29. Bao moja, halafu bao moja tena. Njoo sasa Hungaria, kwenye klabu yake ya Győr, fainali za Ligi ya Mabingwa: 2017 wameshinda 31-30, 2018 wameshinda 27-26, zote mbili baada ya muda wa nyongeza. 2019, 25-24. Makombe matatu mfululizo, kila moja kwa bao moja! Kwa hiyo bao hilo likiingia ni la timu, likikosekana ni la Groot? Hesabu nzuri sana hiyo, mwanangu.

Shida yenu mnaangalia anayefunga. Mchezeshaji ana hatua tatu na sekunde tatu, mbele yake ukuta wa mabeki. Groot alikuwa anauingia ule ukuta kama anayekwenda kurusha, bega limeshapanda, mabeki wawili wanamrukia, kumbe mpira umeshapita chini ya kwapa la mmoja wao, uko kwa mchezaji wa mstarini, yule anayesimama katikati ya mabeki karibu na goli. Anayeandikiwa bao ni huyo wa mstarini. Groot huyo anarudi nyuma kulinda, hata kushangilia hashangilii sana.

Na kabla ya medali ya fedha ya mashindano ya dunia ya 2015 kule Denmark, wanawake wa Uholanzi hawakuwa na medali yoyote ya dunia. Mchezeshaji alikuwa nani? Nauliza tu.

Sawa, nakubali, kwa shingo upande: mwanzoni mwa 2019 aliaga timu ya taifa mwenyewe, hakufukuzwa na mtu. Desemba wenzake wakaifunga Hispania 30-29 kwenye fainali ya dunia kule Japani, penalti ya Lois Abbingh mwishoni kabisa. Bao moja tena, mnaona? Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, na katikati ya kelele nikamtafuta Groot kwenye picha ya kombe. Iliniuma.

Na kwamba Groot hakuwa maarufu, msiniambie. Kwa Waholanzi wengi mpira ni wa miguu, basi.

Nikatupia kundini kipande cha video cha pasi moja ya Groot, nikanyamaza. Saa nne usiku yule kijana kaniandikia pembeni: "Dada, ile pasi imepitia wapi?"

Nikamjibu: rudisha nyuma sekunde mbili, usiangalie mpira, angalia bega.