Nilivyopotea Juu ya Reli

Kabla hamjanitumia vikatuni vingine vya treni, naomba na mimi nisikilizwe. Najua Mangi, mwenzangu wa safari, ameshawasimulia, tena kwa sauti, dakika nne na nusu, na kicheko cha shemeji kwa nyuma. Anasema nililia. Anasema nilishushwa na askari. Anasema nilirudi Tabora kwa mkokoteni wa ng'ombe. Sikulia. Askari hawakuwepo. Mkokoteni ulikuwepo, lakini ulinibeba mwendo mfupi tu na wala haukuwa unaelekea Tabora. Tuwe wakweli jamani.

Mnakumbuka nilivyowasumbua tangu mwezi wa Ramadhani. Kila likizo Zanzibar, kila likizo Zanzibar, mmekuwa karafuu? Nikasema mwaka huu tunaikata nchi toka bahari hadi ziwa, tukaone miji ambayo sisi wa Dar tunaijua kwenye taarifa ya habari tu. Kigoma. Ujiji. Samaki wa ziwani, migebuka, waliokaangwa kwa mawese. Gombe kwa boti ya kutoka Kibirizi. Ratiba niliiandika mimi, kwa kalamu za rangi nne. Tabora kwenye ratiba hiyo ilipewa mstari mmoja: "Kununua asali, dakika 40."

Shemeji alitaka treni ya umeme. Nikamwambia ya umeme inaishia Dodoma, na Dodoma tukafanye nini, tukasome bajeti? Tukapanda ile ya zamani, daraja la pili, vitanda sita chumba kimoja, wanaume kwetu na wanawake kwao.

Nakiri kwamba njiani nilizungumza. Mpaka tunafika Morogoro walishajua kwamba Wajerumani walianza kuijenga reli hii Dar mwaka 1905. Mpaka Dodoma wakajua ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mpaka Manyoni wakaijua Liemba yote: meli iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaja kwa reli hii hii tunayoikalia, ikaunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiichukue, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Hapo shemeji akauliza kama kuna stesheni ambayo nitashuka mimi peke yangu.

Halafu nikasema yale maneno. Nayaandika mwenyewe kwa sababu Mangi alinirekodi na mmeshayasikia: "Tabora ndiyo njia panda. Pale mabehewa hukatwa, mengine yanakwenda Mwanza, mengine Kigoma. Mtu asiye makini akishuka ovyo, atajikuta hajui alipo." Nilisema hivyo. Kwa sauti ya mwalimu wa zamu.

Tabora tuliingia usiku. Nikashuka na bukta, fulana na ndala, pesa ya asali nimeikunja kiganjani. Simu niliiacha kwa Mangi inachaji. Pochi kwenye begi. Tiketi kwenye pochi. Kijana mmoja alikuwa na dumu la lita 5, akaniambia ni ya nyuki wadogo. Mimi si wa kudanganywa, nikaipima: nikachovya njiti ya kiberiti, nikaikwaruza, ikawaka. Nikalipa.

Kurudi sikuwa na wasiwasi wowote, maana hesabu nilikuwa nayo kichwani: behewa la tatu kutoka kichwa cha treni, chumba cha pili kutoka chooni. Nikahesabu, nikapanda. Kilichonipita ni kwamba wakati mimi nawasha viberiti, mabehewa yalishakatwa na kupangwa upya, na kichwa nilichohesabia si kichwa chetu.

Chumbani giza. Kitanda cha juu kulia, cha Mangi, kulikuwa na mtu kajifunika shuka gubigubi. Nikampiga kofi la paja. "Mangi! Amka, asali imepatikana!" Paja halikujibu. Sasa naomba mnielewe hapa. Mangi kazi yake ni kukaa dukani, paja lake mkono unazama. Hili lilikuwa gumu kama gogo, paja la mtu anayelima. Tofauti niliisikia kabisa, kiganjani, nikaipuuza.

Chini, kwenye kitanda changu, kalala mzee mmoja, kofia kifuani, kikapu kakifanya mto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani mzee, hicho kitanda ni changu."

"Chako?"

"Changu mzee. Tangu Dar es Salaam."

Hiyo "tangu Dar es Salaam" sikuisema kwa ubaya, ila ilitoka na kifua. Mzee hakubisha. Baadaye aliniambia alidhani wamemkosea kwenye tiketi. Akaketi, akatafuta kiatu kimoja kwa mguu na cha pili kwa mkono, akachukua kikapu, akachukua fimbo, akasogea mwisho kabisa wa kitanda kama mgeni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajinyoosha. Godoro lilikuwa bado lina joto lake.

Honi ikalia, tukaondoka. Nikaona si vizuri kumnyang'anya mtu kitanda halafu nisimsemeshe.

"Mzee unashukia Kigoma?"

"Hapana, mimi Bukene."

Mtu mwenye akili zake angeuliza Bukene ni wapi. Mimi nilikuwa mkuu wa msafara.

"Aa, Bukene! Napajua sana. Pale ukishapita Uvinza."

Kimya. Magurudumu tu.

"Ukishapita wapi?"

"Uvinza, mzee. Kwenye chumvi."

"Mh." Akakaa tena. "Wameihamisha lini?"

Nikacheka peke yangu. Kule juu mtu akakohoa, kikohozi ambacho si cha Mangi, kisha lile paja likasema kwa sauti nzito ya Kisukuma: "Babu, hebu muulize anakwenda wapi."

Mzee hakuharakisha. Alipapasa kikapuni, akatoa tochi, akaiwasha. Hakunimulika usoni, ana adabu zake. Alianza na ndala. Akapanda taratibu kwenye magoti. Akafika kwenye bukta, akasimama hapo kidogo, akahamia kwenye dumu, akalizunguka dumu lote, ndipo akafika kidevuni. Nilijiona mwili mzima kwa awamu, kama maiti inayokaguliwa. Vitanda vya juu vichwa vitatu vilikuwa vimeshachungulia. Vyote vigeni. Kimoja kilikuwa kinatafuna muwa.

"Mwanangu, wewe unakwenda wapi?"

"Kigoma." Nilisema kwa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Kwa treni hii?"

Nataka muamini, kitu cha kwanza kilichonijia si kwamba nimepotea. Ni lile paja. Nimempiga kofi mwanaume nisiyemjua, usiku, nikamwita Mangi. Cha pili ni kwamba nimemwondoa mzee wa watu kitandani kwake, kitanda alichokilipia. Kigoma ilikuja ya tatu.

"Hii inakwenda Mwanza," mzee akasema, pole pole kama anatoa taarifa ya msiba. Halafu akaongeza swali ambalo mpaka sasa sijui kwa nini nililijibu kwa ukweli. "Kabila gani?"

"Mzaramo."

Jamani. Chumba kililipuka. Mla muwa alijipalia. Mzee ni Mnyamwezi, na mnajua Wanyamwezi na sisi ni watani tangu enzi za misafara ya pwani, kwa hiyo kuanzia hapo sikuwa na haki yoyote, hata ya kununa. Alijifuta machozi kwa kofia, akasema maneno ambayo Mangi anayaeneza kama ni yake, si yake, ni ya huyu mzee:

"Babu zetu walitoka huku na pembe za ndovu mabegani, kwa miguu, mpaka Bagamoyo, porini, hakuna njia. Hawakupotea. Wewe umewekewa reli!"

Nikarudisha kitanda. Kwa kutafuta msamaha nikafungua dumu, nikasema karibuni asali. Mzee akachovya kidole, akakiweka ulimini, akaangalia dari.

"Uliipima?"

"Nilipima kwa kiberiti, mzee. Kiliwaka."

"Kiberiti kizima lazima kiwake, mwanangu. Hii ni sukari imechemshwa."

Kichwa cha muwa kikaomba nacho kionje. Kikathibitisha.

Mengine nayapitisha haraka maana naona aibu. Tulishuka Bukene usiku mkubwa, mkokoteni ukatubeba hadi kwa mzee (ndio huo, Mangi, ndio huo!), nikalala kwenye mkeka, asubuhi nikapewa uji na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mzee akanipa simu yake niwapigie wenzangu. Namba ninayoikumbuka kichwani ni moja tu, yangu. Nikajipigia. Mangi akapokea simu yangu: "Uko choo gani wewe, tangu jana?" Nikamweleza. Hakusema pole. Alisema, "Rudia, naweka spika."

Na baada ya hapo, ndugu zangu, akaingia kwenye simu yangu mwenyewe akaweka status. Kwa jina langu na picha yangu: "Nimepotea Tabora, anayenijua anichukue." Mama aliiona. Bosi aliiona. Mama mkwe mtarajiwa aliiona, na akauliza kama nina historia ya kuanguka.

Nauli Mangi alituma kwenye simu ya mzee, na ameshanidai mara mbili. Basi mpaka Nzega, jingine mpaka Tabora, na la Kigoma ni kesho yake alfajiri. Kwa hiyo ule mji niliougawia dakika 40 nikaupata mchana mzima na usiku wake, nikiwa na bukta. Na niwaambie tu, nilikosea ratiba. Miembe ya Tabora ina kivuli ambacho Dar tumeshakikata chote. Nilikwenda Kwihara kwa bodaboda kuiona tembe aliyokaa Livingstone: mwaka 1872, baada ya kuagana na Stanley, alikaa kule kuanzia Machi hadi Agosti akisubiri wapagazi. Mimi nasubiri basi la alfajiri na nimeshakata tamaa. Mama mmoja wa genge akanitazama ndala, akanitazama bukta, akasema, "Wewe ndiye yule wa treni?" Sijui habari ilifikaje. Akanipa embe bure.

Kigoma nilifika wenzangu wameshatoka Gombe. Ndiyo, nilipokelewa stendi kwa ile salamu ya Stanley, "Dokta Livingstone, bila shaka?" Walijipanga mstari na kuvua kofia. Najua mlikuwa mnaingoja hiyo tangu nilipotaja Ujiji, haya, tuendelee. Ujiji kwenyewe nilipelekwa, nikasimama penye mnara wa walipokutana hao wazungu mwaka 1871, na kwa mara ya kwanza safari nzima sikutoa maelezo yoyote. Shemeji akanipima homa. Migebuka nilikula mitatu, nikimtazama Mangi.

Turudi kwa mzee. Lile dumu nilimwachia. Alisema kwa mtani hiyo ni faini ya kitanda, na kwamba atawapa nyuki wake waone vituko. Yule mwenye paja wala sikumwomba radhi, nilishuka kichwa chini, kwa hiyo kama yuko humu na anasoma: kaka, samahani, na hongera kwa kilimo.

Sasa jana jioni nikapigiwa nikachukue mzigo. Dumu la lita 5, asali nyeusi, nzito, harufu mpaka uani. Mzee kaituma kwa treni kutoka Bukene. Nikampigia kumshukuru, akaniuliza kama imefika salama. Nikasema imefika.

"Iliteremshwa Tabora ikabadilishiwa behewa," akasema. "Yenyewe. Haina hata miguu."