Geti Lisiwe Zuri Mno

Mimi ni mlinzi wa ghala la viazi, Uyole. Vifaa vya kazi ni rungu, tochi isiyowaka mpaka uipige makofi, na mbwa wa jirani anayekuja akijisikia. Mwezi wa saba baridi ya Mbeya inanigonganisha meno mpaka mwizi akiwa barabarani anajua mlinzi yuko macho.

Juzi lindoni redio ikanipa habari. Marekani mgombea anaruhusiwa kuchota pesa za kampeni, zilezile alizochangiwa na watu, akajilipia walinzi! Tume yao ya uchaguzi, FEC, iliwakubalia wabunge kuwalipa mabaunsa tangu 2021, baada ya bunge lao kuvamiwa Januari 6. Kanuni kamili ikaanza Januari 1, 2025: kamera, kufuli, king'ora, geti, hata ulinzi wa kompyuta. Ila tishio liwe limeletwa na siasa. Ukiwindwa na mangi unayekopa dukani kwake, pambana na hali yako.

Sikatai, hofu ipo. Juni 2025 Melissa Hortman, aliyewahi kuwa spika wa bunge la Minnesota, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake pamoja na mumewe. Hilo si la kuchekea.

Kilichoniacha hoi ni sharti la fensi. Iwe ya usalama tu, isiipendezeshe nyumba wala kuipandisha bei. Mwe! Fensi gani hiyo? Mimi chumba changu Itezi nikibadilisha kufuli tu, mwenye nyumba anapandisha kodi kabla sijaujua ufunguo. Namwona mkaguzi wao kasimama nje, anasikitika: "Mheshimiwa, geti hili zuri mno, hebu lipake tope."

Huku kwetu mgombea alikuja akasema, "Mimi ni mtoto wenu." Mtoto wetu kazungushiwa mabaunsa wenye miwani nyeusi, saa kumi na mbili jioni, na ukungu juu. Mmoja akamsukuma mama wa maparachichi aliyetaka kumpa mkono mtoto wake. Nani kamlipa baunsa? Ukiuliza unapewa fulana.

Na mimi je? Usiku nalinda viazi vya tajiri, huku nyumbani nachangia buku ya ulinzi shirikishi ili kijana anilindie mke na jiko la gesi. Risiti sijawahi kuiona, mjumbe anasema, "Wewe si ni mtu wa ulinzi? Utaelewa." Kijana mwenyewe nimemkuta alfajiri kalala ndani ya bajaji, blanketi mpaka utosini, rungu kaliegemeza nje liendelee na kazi.

Nikaona nami niitumie kanuni. Nikamfuata tajiri: "Bosi, naomba koti zito. La kazi tu, halitaniongezea thamani yoyote."

Akanitazama juu mpaka chini. "Hilo usiwe na wasiwasi," akasema, "wewe hata suti haikuongezei."

Koti lenyewe mpaka leo hajanipa.