Mawimbi Matatu Mezani

Mtu anayekusanya vyombo vya maua vya kauri ya Denmark hupatwa na ugonjwa usio na dawa: hawezi kuona chombo kimesimama bila kukigeuza atazame kitako chake. Siri zote zimo humo. Kiwanda cha Royal Copenhagen, kilichoanzishwa mwaka 1775, huchora hapo mawimbi matatu ya buluu, yaani milango-bahari mitatu ya nchi hiyo, na tangu mwaka 1935 kistari kidogo kwenye herufi mojawapo ya jina hudokeza mwaka wa kutengenezwa. Kipande chenye kasoro kilikwaruzwa mstari wa kuyakata mawimbi, nacho kiliuzwa kama daraja la pili. Mimi niishiye Copenhagen nimeinama kwenye magulio ya vitu vya kale hadi mgongo unaniuma.

Pasaka moja, jirani yetu, bibi mwenye umri wa miaka 80 hivi, alitualika chakula. Katikati ya meza kilisimama chombo kirefu cha rangi ya kijivujivu, chenye picha ya ufuo uliogubikwa na ukungu, kwa ule mtindo wa kuchora chini ya glezi, yaani utando unaong'aa wa kauri, uliokipatia kiwanda hicho sifa enzi za Arnold Krog, mkuu wake wa sanaa aliyeanza kazi huko mwaka 1885. Ndani yake mlikuwa na tulipu za njano. Mke wangu aliona macho yananitoka, akanikanyaga mguu.

"Baba watoto, tulia. Hapa si gulioni."

Nilitulia mpaka bibi alipokwenda jikoni kuchukua viazi. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa: nitakiinua wima juu ya kichwa, nichungulie kwa chini, nikirudishe, wala tone lisimwagike. Nilichosahau ni kwamba glezi ile huteleza kama sabuni, na vidole vyangu vilikuwa vimetoka kupaka siagi kwenye mkate. Chombo kikalala. Maji yaliingia kwenye mkono wa shati, yakapita kwapani bila haraka, yakatua kiunoni. Tulipu mbili zikaangukia bakuli la samaki wa siki. Nilikidaka chombo kifuani, mdomo wake chini, na kitako kikawa mbele ya pua yangu.

Bibi akatokea mlangoni na viazi vyake. Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi, huku nachuruzika, nilisema:

"Bibi, mawimbi yake yamekwaruzwa. Ni daraja la pili."

Mke wangu alifunika uso kwa kitambaa cha mezani. Bibi alinitazama, akazitazama tulipu zilizokuwa zikiogelea na samaki, akaniletea taulo bila neno.

Mwaka uliofuata alitualika tena. Maua yalikuwa kwenye jagi la plastiki, na mbele ya kiti changu, juu ya leso iliyokunjwa vizuri, chombo kile kilikuwa kimesimamishwa kichwa chini, kitako juu.