Septemba ya Old Orchard Beach na septemba ya Goma, nani anashikaka fagio?

Niko Maine, Marekani, mwaka wa sita sasa. Kila septemba ikifika watu wa Goma wananiandikiaka, "yaya, baridi imeanza huko?" na mi najibu hapana, baridi bado, ni kazi njo imeanza.

Old Orchard Beach ni muji wa plaji. Muchanga unaenda kama kilomita 11, nyumba za mbao zimebanana mbele ya bahari, wenye kukaa pale mwaka muzima ni kama watu elfu 9 tu, lakini toka mwezi wa 6 mpaka Labor Day, ile Jumatatu ya kwanza ya septemba, utasema ni Birere, mutaa wa soko wa Goma, saa kumi ya jioni, hakuna pa kupitisha muguu. Wengi wanatokaka Québec, kule Canada, wanaongea kifaransa, na kifaransa changu cha Goma njo kilinipatia kazi ya kwanza. Nyuma ya Labor Day wanaondoka kama vile mutu amewafukuza. Wiki mbili tu barabara ziko tupu, na sisi wamama tunaingia na ndoo, wengi ni Wakongo na Waangola, tunatoka muji wa Portland asubuhi na gari, nusu saa tumefika.

Nyumbani wanafikiriaka kusafisha kwa wazungu ni kupitisha vakyumu na kupuliza manukato. Hapana. Kitu cha kwanza nilifundishwa ni kwamba muchanga haupigwi maji. Mi nilizoea kwetu, unamwaga maji ku sima, unasukuma na raklete, imeisha. Huku ukimwagia muchanga maji unageuka tope, unaingia mu nafasi za mbao, na ukisugua umekwaruza parkee yote. Kwa hiyo kavu kwanza, tapi zinatoka nje zinapigwa, matela zinasimamishwa, vakyumu inapita mpaka nyuma ya frigo, mu reli za madirisha, mu mikunjo ya viti, kisha njo kitambaa cha maji. Muchanga nimeukuta ndani ya Biblia, ndani ya kiatu cha mutoto kimesahauliwa chini ya kitanda, kimejaa mpaka juu.

Kisha kuna chumvi, na hiyo njo mbaya zaidi juu haionekani. Upepo wa bahari unaileta, inakaa ku vioo kama moshi, inaingia mu rido (pazia) na mu matela, na chumvi inavutaka unyevu wa hewa, njo maana rido ya nyumba ya plaji ukiigusa mu septemba utaona kama haijakauka hata kama jua lilikuwa kali wiki yote. Ukifunga nyumba vile, mu mwezi wa tano unakuta kuvu nyeusi imepanda mpaka plafo. Vioo unaviosha kwanza na maji mengi ya robine, baadaye njo vinegre (siki) na maji kidogo, ukipangusa kavu ile chumvi na muchanga vinakwaruza kioo.

Mwisho ni kazi ya fundi. Wanakata maji, wanafungua robine zote, wanapuliza bomba na mashine ya upepo mpaka tone la mwisho, wanamwaga dawa ya rangi ya pinki mu choo na mu lavabo, juu maji yakiganda yanavimba, kama sehemu 9 kwa mia, na bomba inapasuka ukutani bila mutu kujua. Frigo inaachwa mulango wazi. Chakula chote kinatoka, panya wasikute kitu. Unafunga, unaenda, na mu nyumba ile hakuna mutu atalala miezi nane.

Mwaka wa kwanza hiyo ilinisumbua sana. Mu 2019 Portland iliweka waomba hifadhi mu Expo, ile sale ya baskete, na 2023 tena, vitanda vimepangwa ku uwanja, watoto wa kwetu ndani. Na mi nasugua nyumba mpaka inang'aa ili ikae tupu.

Kwetu pia septemba ni mwezi wa usafi, watu wanasahauka. Kiangazi kinaisha, mvua inarudi, watoto wanarudi masomo, na vumbi ya mwezi wa 6, wa 7, wa 8 imekaa kila pahali. Na vumbi ya Goma si kama ya miji mingine, ni nyeusi, ni mawe ya volkano yamesagwa na magari na mapikipiki, tunakaa juu ya mawe volkano ya Nyiragongo ilimwaga mu 2002 na mengine ya zamani chini yake, ukipangusa vibaya inakwaruza meza sawa na muchanga wa bahari. Mama yangu anakaa Himbi, mutaa wa Goma. Mbele ya mvua lazima mutu apande ku mabati atoe majani na vumbi mu mifereji juu ile maji ya kwanza njo itajaza pipa. Na mabati yenyewe yanaliwa, moshi wa Nyiragongo unakuwa na asidi, mvua ikipita ndani yake inashuka na asidi ile, inaleta kutu. Siku niliona bawaba za mulango wa kotechi moja, nyumba ya plaji, zimeliwa na chumvi nilisimama nikaziangalia, zilikuwa sawasawa na mabati ya mama.

Maji ya kuosha yote hayo ni bido (dumu) ya lita 20, toka ziwa, inapanda na chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma, au na mugongo wa mutu.

Hapa watu wa diaspora wanaanzaka kusema kwetu tunasafishaka pamoja, salongo ya Jumamosi, ile kazi ya usafi ya watu wote, majirani, nyimbo. Mi sitasema vile juu kwa nyumba yetu si kweli. Salongo ya barabara ndiyo, baba alitoka na bêche. Ndani ya nyumba hatukusafishaka pamoja hata siku moja. Kulikuwa na boyesi, musichana wa kazi.

Alitoka Masisi, familia yake ilikimbia vita, alifika kwetu na miaka kama 15 akakaa miaka 6. Yeye njo alibeba bido. Yeye njo alipanda ku mabati. Rido za salo, kubwa zile za kitambaa kizito, aliziosha na mukono, zote siku moja. Mi nilikuwa univ, nilikuwa napita na viatu juu ya sima hajamaliza kupangusa, naenda kutafuta chaja ya simu. Alilipwa dola 20 kwa mwezi na mwezi mwingine mama alimwambia ngojea. Alilala mu depo pembeni ya makala, alikula nyuma yetu, jikoni, chini.

Septemba moja alikuwa anasugua choo na javeli, ile dawa kali ya klori, mulango umefungwa juu hatukutaka harufu ije mu salo, kulikuwa na wageni. Akaanza kukohoa. Akatoka nje, akakaa ku jiwe pale nyuma, macho yanatoka machozi. Mi njo nilienda kumwambia ni uvivu, arudi amalize. Si mama, ni mimi.

Mwaka wangu wa pili huku nilikuwa mu kotechi ya mama mumoja wa Québec, muzee, kila mwaka anafunga nyumba yake yeye mwenyewe na sisi tunamusaidia. Nilikuwa mu dushi nasugua kuvu, nikaona javeli peke yake haitoshi nikaongeza vinegre. Musifanye hivyo hata siku moja, nawaomba, nyinyi wa nyumbani na nyinyi wa huku. Javeli na vinegre vikikutana vinatoa gesi ya klori, na javeli na amonia ni hatari vile vile. Kifua kilifunga, sikuona vizuri. Yule mama alisikia nakohoa akakuja mbio, akanivuta mukono mpaka nje, akafungua madirisha yote, akanikalisha ku baraza akaniletea maji, akakaa pembeni yangu bila kusema kitu. Hakuuliza kazi itaisha saa ngapi. Kesho yake nilikuta ganti mpya za mikono na maski, na ku chupa ya javeli amebandika karatasi, maandishi makubwa makubwa ya kifaransa, asiichanganye mutu na kitu chochote. Saa sita ikafika, akaweka sahani mbili ku meza moja.

Nilishindwa kumeza. Alifikiri supu ni mbaya. Nilikuwa namuona yule mutoto wa Masisi ku lile jiwe.

Si wote wako vile, musifikiri nasifu wazungu. Patroni mwingine alinikatia siku mbili anasema nimevunja taa, taa ambayo nilikuta imevunjika. Lakini mu 2025 sheria ya Maine ilisema dola 14.65 kwa saa, iko imeandikwa, nilipeleka malalamiko na pesa yangu ikarudi. Musichana wetu angepeleka wapi? Congo nayo ina sheria ya kazi, ya oktoba 2002, mwaka ule ule wa volkano. Mi nimesoma univ na sikuwahi kusikia mutu hata mumoja mu avenii yetu anaitaja juu ya musichana wa jikoni.

Kwa hiyo wakiniuliza wapi kuna usafi kuliko, mi najibu Goma. Kweli kabisa. Na maji ya bido, na vumbi ile, sima ya Himbi inang'aa kuliko parkee nyingi nimeona hapa. Lakini mukono uliofanya ile sima ing'ae hatukuuhesabu, na leo mukono huo ni wangu, njo maana siwezi kunyamaza.

Na kinachoniuma zaidi ni sisi wenyewe wa huku. Rafiki yangu anatoka ku moteli miguu imevimba, analia ndani ya gari kwamba bosi hamuitaka na jina, anamupigia vidole tu. Nalia naye. Hatujafika Portland ameshika simu anatuma odio Goma, anamutukana musichana wa mama yake, mashati hayakupigwa pasi, mbwa wewe, nitakufukuza. Nilimwambia jisikilize, rudisha hiyo odio ujisikilize. Hatukuongea tena mpaka nyumbani.

Wengine watasema wewe unaongea tu, hujui hali, toka januari 2025 muji wa Goma uko mu mikono ya waasi wa M23, benki zilifunga, nani iko na pesa ya kulipa boyesi vizuri. Najua hali, mama yangu iko ndani yake, na kumutumia pesa ni mahangaiko kila mwezi. Mushahara naweza kuelewa. Lakini kufungua mulango wa choo wakati mutu anatumia javeli, hiyo inaombaka benki gani?

Nilimuuliza mama jina la yule musichana wa Masisi, lile la baba yake, nipate pa kuanzia kumutafuta Masisi. Mama hakulijua. Hata mimi. Miaka 6 mu nyumba moja tulimuita na jina la ubatizo tu.

Sasa kwa mama kuna musichana mwingine, amemaliza miaka 20. Nimesema pesa natuma kwa masharti, alale ku chumba changu cha zamani, Jumapili iwe yake, ale ku meza, na ku mabati asipande yeye, tunalipa kijana fundi. Mama alikasirika, akasema naleta mambo ya wazungu mu nyumba yake, wiki mbili hakushika simu yangu. Nikatuma ganti na mutu aliyekuwa anasafiri.

Septemba hii walisafisha mifereji mbele ya mvua, mama akanitumia picha ya pipa, maji yamejaa, hajasema kitu kingine. Kisha juzi akanipigia saa ambayo kwao ni usiku mukubwa, moyo ukaruka, nikafikiri ni risasi. Anasema hapana, tumelala vizuri, ni zile ganti tu, zimepasuka ku kidole, na zilikuwa kubwa sana kwa mukono wa musichana, nitafute za saizi ndogo, jozi mbili.