Pale mkono ulipogusa

Mbuzi ya bibi yangu ina kishimo katikati. Yani ukiiangalia kwa ubavu unaona kabisa ubao umelika pale alipokuwa anakaa kukuna nazi, miaka na miaka, na meno ya chuma yaliyokuwa makali saivi yamebaki vijipele tu. Shangazi alitaka kuitupa maana mpya zinauzwa sokoni, nikamwambia shangazi subiri kwanza nipige picha. Nikaiweka mlangoni asubuhi, jua likiwa bado chini, na hapo ndo nikaona kitu ambacho nimekikalia utoto wangu wote bila kukiona: ule ubao unang'aa. Sio vanishi, hakuna aliyewahi kuipaka. Ni kanga za bibi na tui la nazi.

Toka siku hiyo, nikikuta kitu cha zamani natafuta kwanza pale mtu alipogusa. Mfano Mji Mkongwe Zanzibar, kila mtu anapiga picha milango, na kweli ni mizuri, nakshi zile, misumari ya shaba, lakini wengi wanasimama mbele wanauchukua mlango mzima kama picha ya pasipoti. Hebu chuchumaa. Angalia kizingiti kilivyolika katikati kwa kuvukwa, angalia mnyororo wa kufungia ulivyochora nusu duara kwenye mbao kwa kuning'inia na kugonga, halafu geukia baraza uone ukingo ulivyokuwa laini kwa kukaliwa na watu wa kahawa na bao. Mi naona hapo ndo penye picha.

Simu ya kawaida inatosha. Zima flashi, maana inafuta vivuli na bila kivuli mikwaruzo haionekani. Nenda saa moja asubuhi au jioni jua likianza kulala, mwanga uingie kwa pembeni. Na tafadhali msiongeze rangi! Ukuta uliopigwa na hewa ya chumvi una kijivu, una waridi iliyofifia, una kijani ya ukungu, ukiweka filta vyote vinakuwa chungwa moja.

Kuna wanaoniambia nasifia uchakavu, eti nataka nyumba zibomoke nipate picha. Hapana jamani. Jumba la Maajabu, hapohapo Mji Mkongwe, lilijengwa 1883, Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka na watu wawili wakafariki, pale hakuna uzuri wowote wa kutafuta. Nyumba zikarabatiwe, tena kwa chokaa, sio sementi inayofungia unyevu ndani ya kuta za mawe ya matumbawe. Ila fundi akishapiga randa mlango ule mkwaruzo wa mnyororo haurudi, kwa hiyo kabla hajaanza mtu apite na simu yake. Nina picha za jumba lile za kabla halijaanguka, zote ni mnara na nguzo kutokea barabarani, hata moja ya ngazi sina, na inaniuma mpaka leo.

Mbuzi haikutupwa. Nilimwonyesha shangazi picha, akaikuza kwa vidole, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema huu msumari hapa mguuni babu yako ndo aliupigilia, siku ya mfungo, bibi alikuwa anamharakisha futari inachelewa. Nilikuwa sijawahi kuisikia hiyo. Saivi anaikunia nazi mwenyewe.