Eti Kamwiga Kanye

Jumapili nilikuwa napiga pasi, spika ndogo iko dirishani, Pastor T. L. Barrett anaimba "Father I Stretch My Hands". Mpwa wangu akatoa kisikilizio sikio moja, akategea, kisha akatoa hukumu: "Anko, huyu mzee kamwiga Kanye."

Nusura niunguze shati.

Wimbo ule ni wa 1976. Kanye West, rapa wa Marekani aliyechukua kipande cha wimbo huo akakitia kwenye wake, kazaliwa 1977. Labda mzee alimwiga akiwa bado tumboni.

Nikachomoa pasi, nikamkalisha chini, nikamwekea albamu yenyewe ninayoipenda: Like a Ship... (Without a Sail), ya 1971. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa jahazi lisilo na tanga lina hali gani. Barrett alikuwa mchungaji kijana upande wa kusini wa Chicago, na kwaya yake, Youth for Christ Choir, ilikuwa ya vijana wadogo. Nyuma yao kaweka mafundi hasa, akina Phil Upchurch mpiga gitaa na Gene Barge mpiga saksafoni, watu waliokomaa katika studio za Chess, kampuni ya rekodi ya hukohuko Chicago. Besi inatembea kama imetoka klabu ya Jumamosi usiku, na juu yake watoto wanaimba kwa koo zote, wengine wakizidi nguvu kidogo. Hakuna aliyewanyamazisha. Hapo ndipo ninapokufa mimi. Nimeimba kwaya miaka sita, najua sauti ya kijana aliyeambiwa "punguza" mpaka imebaki adabu tupu. Kwetu mzee mmoja alikuwa akisikia besi tu anakuja kuzima amplifaya kwa mkono wake. Hawa walifunguliwa. Huzuni ya mtaa wao imeingia kanisani na viatu vyake, haikuambiwa ivue mlangoni.

Shangazi akauliza toka jikoni: "Hiyo ni dini au dansi?" Vyote, Shangazi.

Halafu kuna wakusanya santuri. Albamu Barrett na kwaya yake waliitoa wenyewe, nakala zikawa chache, bei ikapaa, ndipo wakusanyaji wakaja na neno lao: "imegunduliwa". Imegunduliwa na nani? Wale watoto walioimba walikuwa wameisahau? Ni kama mgeni aje kugundua chungu cha bibi yako, na ubwabwa umo ndani. Haya, niwape haki yao: kampuni ya rekodi ya Light in the Attic wasingeitoa upya 2010, na wenzao wa Numero Group wasingekusanya kazi zake kwenye kasha 2021, mimi ningeisikia wapi? Nakala ya kwanza siiwezi hata nikiuza friji.

Mpwa alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Ila Kanye kaitendea haki."

Sikumjibu. Maana ukweli ni kwamba jina la Barrett nililisikia mara ya kwanza 2016, ilipotoka The Life of Pablo, albamu ya Kanye yenye kipande kile, nikaanza kuuliza ile sauti ya mwanzo ni ya nani. Mpwa wangu hajui hilo. Naomba asiambiwe.