Milioni tatu za mgodini na milioni moja na ushee za Mbeya mjini

Pale Mwanjelwa, Mbeya mjini, habari kwamba fulani ameitwa mgodini hufika kabla mwenyewe hajasaini. Hufika na tarakimu yake: milioni tatu. Kama ni kabla ya makato au baada, kwa saa ngapi, kwa miaka mingapi, hayo hayaulizwi. Nayo ndiyo yanayoonyesha kama mshahara mnono una faida, na majibu yake hayawafurahishi wanaoshangilia wala wale wenye kauli ya "bora kidogo cha nyumbani".

Tuchukue mfano. Mhandisi wa umeme mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu amepata barua mbili za ajira. Ya kwanza ni ya mgodi wa dhahabu Kanda ya Ziwa: shilingi 3,000,000 kwa mwezi, mkataba wa miaka 2, siku 14 kazini na 7 nyumbani, zamu ya saa 12, chakula na malazi kambini. Ya pili ni ya kampuni binafsi hapa Mbeya mjini: 1,200,000, ajira isiyo na kikomo, saa 45 kwa wiki, jioni analala kwake Forest au Iyunga.

Tuanze na makato ya mgodini. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 300,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye 2,700,000 iliyobaki: milioni ya kwanza inalipiwa 128,000, na kila kinachozidi hapo asilimia 30, hivyo 510,000. Jumla ya kodi ni 638,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 450,000. Mkononi zinafika 1,612,000. Kwa barua ya Mbeya, NSSF ni 120,000, kodi 152,000, Bodi 180,000, zinabaki 748,000.

Kwenye karatasi mshahara wa kwanza ni mara 2.5 ya wa pili. Mkononi ni mara 2.16. Sababu ni kwamba mtu mwenye deni la Bodi akishavuka kama 1,111,000, kila 100,000 anayoongezewa humfikia 48,000 tu: 10,000 NSSF, 27,000 kodi, 15,000 Bodi. Kwa hiyo anayejadiliana na mwajiri apate laki mbili zaidi ajue anapigania 96,000.

Hapo wapinzani wa mshahara mkubwa hupiga makofi, lakini wanapiga mapema. Kinachokatwa hakijapotea chote. Ya NSSF ni akiba yake, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Kwa miaka 2 mtu wa mgodini anajiwekea 14,400,000, wa Mbeya 5,760,000. Deni la Bodi nalo lingelipwa tu. Kama ni milioni 12, kwa 450,000 linaisha katika miezi 27, mkataba ukiongezwa kidogo. Kwa 180,000 linakwenda hadi mwezi wa 67. Kinachoondoka moja kwa moja ni kodi.

Kisha saa. Siku 14 za saa 12 ni saa 168 katika wiki tatu, wastani wa saa 56 zamuni kwa wiki, ukihesabu na mapumziko. Gawanya: mgodini kila saa inaleta kama shilingi 6,600 mkononi, Mbeya kama 3,800. Ile mara 2.5 sasa ni mara 1.7. Na zile siku 7 za nyumbani si 7. Kutoka Kanda ya Ziwa hadi Mbeya kwa basi ni siku ya kuja na siku ya kurudi, na anayetoka zamu za usiku hulala siku nzima ya kwanza. Zinabaki nne za kuonana na watoto. Mara 1.7 bado ni nyingi, lakini haiimbwi Mwanjelwa.

Sehemu inayoumiza wengi zaidi ni muundo wa mshahara wenyewe. Barua inaweza kusema milioni tatu, lakini ndani yake mshahara wa msingi ni 1,400,000 na 1,600,000 ni posho: nyumba, mazingira magumu, mawasiliano. Malipo ya saa za ziada, likizo na kiinua mgongo hupigwa kwa mshahara wa msingi. Kanuni ya sheria ni kugawa mshahara wa msingi kwa saa za kawaida za wiki mara 4.333, kwa saa 45 unagawa kwa 195. Msingi wa 3,000,000 unatoa saa ya 15,385, na saa ya ziada, ambayo ni mara moja na nusu, 23,077. Msingi wa 1,400,000 unatoa saa ya ziada ya 10,769. Kazi ni ileile, jasho lilelile, na tofauti ya zaidi ya nusu imejificha kwenye mpangilio wa karatasi. Anayesaini bila kutazama mstari wa mshahara wa msingi hana wa kumlaumu.

Cheo nacho kina mtego wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 50 za ziada kwa kila wiki nne, lakini sehemu hiyo ya saa za kazi haimhusu anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Msimamizi wa zamu mwenye msingi wa 1,800,000 anayefanya saa 40 za ziada kwa mwezi hulipwa 553,846 juu yake. Mpandishe awe meneja kwa 2,200,000, bila malipo ya saa za ziada. Amepongezwa, amepewa ofisi, na kama saa zake zimebaki zilezile amepoteza kama 154,000 kila mwezi. Wapo wanaovumilia hilo kwa sababu umeneja unafungua mlango wa kazi inayofuata, na hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi. Ila iwe hesabu, isiwe furaha ya kuitwa bosi.

Madereva wa malori ya Tunduma wanalijua hili kwa njia yao. Mshahara wao ni mdogo, hela iko kwenye mileji, yaani posho ya safari, na mileji inalipwa kwa safari. Tuseme safari ya Kongo inamwachia dereva 900,000. Akienda na kurudi kwa siku 20 ni 45,000 kwa siku. Foleni ya mipakani Nakonde na Kasumbalesa ikiisukuma hadi siku 36, ni 25,000, na siku za foleni anakula kwa hela yake. Kwa kazi za aina hii, anayetaja kipato cha safari bila kutaja siku hajasema kitu.

Turudi kwa mhandisi wetu. Mkataba wa miaka 2 ukifika mwisho wake wa kawaida, hakuna kiinua mgongo cha sheria. Zile siku 7 za mshahara kwa kila mwaka, hadi miaka 10, ni za aliyeachishwa, si za aliyemaliza muda. Huu ndio mshale mkuu wa watetezi wa ajira ya kudumu. Lakini pima kwa fedha: miezi 24 ya mgodini inaleta 38,688,000 mkononi. Wa Mbeya anahitaji karibu miezi 52 kuzifikia. Maana yake wa mgodini anaweza kukaa bila kazi zaidi ya miaka miwili baada ya mkataba, na hapo ndipo watalingana. Kwa hoja ya usalama peke yake, ajira ya kudumu haishindi.

Inashinda mahali pengine, kwenye matumizi. Mtu wa mgodini akitumia 900,000 kwa mwezi, pamoja na kuhudumia nyumba na wazazi, anabakiza 712,000. Wa Mbeya akitumia 650,000 anabakiza 98,000. Hapo safari ya mgodini ina maana kubwa. Sasa mwache wa mgodini achukue gari kwa mkopo wa 600,000 kwa mwezi: anabakiza 112,000. Kwa miaka 2 amemzidi mwenzake 336,000, na badala yake ametoa theluthi mbili za usiku wake kambini. Gari lenyewe muda mwingi limeegeshwa uani Mbeya wakati yeye yuko zamuni. Mkopo ukiwa wa miaka 4 na mkataba wa miaka 2, ameshaingia kwenye shimo ambalo hata mgodi hauchimbi.

Kwa hiyo msimamo wetu uko wazi: mshahara mkubwa wa mbali unastahili kama mtaji wenye tarehe ya mwisho. Kama ni kiwango kipya cha maisha, hauna faida. Hata kama mtaji, huku Nyanda za Juu Kusini kuna kosa lenye sura yake: shamba la kuendeshwa kwa simu. Fedha hutumwa Mufindi au Njombe, ekari ya mipaini inapandwa mita 3 kwa 3, kama miche 450, kisha mwenye mali anasubiri. Mipaini ni ya miaka mingi, mkataba ni wa miwili, na palizi ya miaka ya mwanzo inahitaji fedha baada ya mshahara kukatika. Septemba na Oktoba majani yakiwa makavu, jirani akichoma shamba lake na barabara ya moto, ile njia ya kuuzuia usivuke, haijafyekwa, miche ya miaka mitatu inakwisha kwa mchana mmoja. Parachichi za Rungwe hazingoji kiasi hicho, mti uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, lakini nazo zinataka maji kiangazi na mtu wa kuzikagua, si wa kupokea simu. Ambaye hana ndugu mwaminifu shambani, afadhali amalize deni la Bodi na kununua kiwanja.

Kabla ya kusaini, mambo matatu yaandikwe kwenye barua yenyewe: mshahara wa msingi ni kiasi gani, nani analipa nauli ya kuja nyumbani, na taarifa ya kumaliza mkataba kabla ya muda ni ya siku ngapi, kwani kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka zisipungue 28. Baada ya miezi mitatu chukua taarifa ya michango NSSF; makato kuonekana kwenye hati ya mshahara hayathibitishi kwamba yamefika kwenye mfuko. Na ukiachishwa kabla ya muda bila haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea lalamiko ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza siku hizo wakiwa nyumbani Mbeya, wakisubiri kuitwa tena.